Jinsi ya kuomba vibali vya kujenga kliniki ya wanyama na kituo cha kuokoa mbwa na paka

Watu wengi wanaopenda wanyama wanaanzaga kinyumenyume, wanapata kiwanja, wanapandisha ukuta, wanajaza mbwa koko mule ndani alafu ndo wanaanza kuulizia vibali. Siku maafisa wa manispaa wakipita jengo linapigwa X nyekundu huku wanyama wamo ndani na hawana pa kwenda, na hapo anayeumia sio mwenye kiwanja. Kwahiyo nawaandikia utaratibu wa Tanzania Bara kwa mpangilio unaoleta maana, wenzetu wa Zanzibar wana sheria zao.

Kitu kimoja kushinda vyote: ramani ya jengo ndo ombi lenyewe. Fomu utazijaza haraka tu, lakini mchoro ule ule utasomwa na mipango miji, injinia, afisa afya, watu wa zimamoto na mazingira, na mwisho kabisa wakaguzi watakuja kuangalia kile kilichojengwa kutokana nao. Daktari wa mifugo akae na mchora ramani kabla hujapeleka popote.

Anza na ardhi. Chukua hati usome masharti, sio jina na ukubwa wa kiwanja peke yake. Kama imeandikwa matumizi ni makazi basi kliniki hairuhusiwi hapo mpaka uombe mabadiliko ya matumizi chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Unapitia idara ya mipango miji ya halmashauri, majirani wanapewa nafasi ya kutoa pingamizi, na ikikubaliwa hati ya zamani unairudisha upate yenye masharti mapya. Hii hatua ndo inakula muda kuliko zote. Pitia serikali ya mtaa mapema, ongea na mwenyekiti na mtendaji, ongea na majirani wenyewe pia, maana hofu yao kubwa ni kelele na harufu na wana haki kabisa, mbwa wengi wakibweka kwenye banda la bati sauti inaweza kupita desibeli 100. Waonyeshe kwenye mchoro mabanda yako upande gani, ukuta una urefu gani, maji machafu yanaenda wapi. Na kodi ya pango la ardhi lipa yote, stakabadhi itaulizwa.

Wakati hilo linaendelea sajili chombo chako. Kliniki inayotoza huduma wengi wanaisajili kama kampuni BRELA (wakala wa usajili wa biashara), kituo cha uokoaji kinachoishi kwa michango kinakaa vizuri kama NGO kwa Msajili wa mashirika yasiyo ya kiserikali. Wapo wanaokuwa na vyote viwili kwenye kiwanja kimoja, sio mbaya, ila mahesabu yatenganishwe na TIN (namba ya mlipakodi) iwe ya kila kimoja.

Sasa ramani. Michoro ya jengo itolewe na msanifu aliyesajiliwa na AQRB (bodi ya wasanifu majengo), ya uimara wa jengo na injinia aliyesajiliwa ERB (bodi ya wahandisi), na mkandarasi awe wa CRB (bodi ya makandarasi). Lakini msanifu wa nyumba za kuishi hajui mbwa mwenye parvo (ugonjwa wa kuhara wa mbwa unaoambukiza sana) anahitaji nini, hapo ndo daktari anaingia. Kirusi cha parvo kinaweza kukaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka, kwahiyo chumba cha wagonjwa wa kuambukiza kiwe na mlango wake wa nje, mtu asipite nae mapokezi mbele ya watoto wa mbwa waliokuja chanjo. Sakafu iwe ngumu, isiyonyonya maji, yenye mteremko kuelekea mfereji, na pale sakafu inapokutana na ukuta pakunjwe mviringo pasiwe na kona, maana uchafu ukibaki kwenye kona jiki haifanyi kazi, klorini inaishia kwenye kinyesi kabla haijafika kwa kirusi. Mifereji ya banda moja isipite ndani ya banda jingine, hili mafundi wanalikosea sana kwasababu ni rahisi kuchimba mfereji mmoja mrefu.

Paka wasione mbwa wala wasiwasikie kama inawezekana, paka mwenye hofu hali chakula na asipokula haponi. Kila banda liwe na sehemu mbili zenye kijimlango katikati ili mbwa ahamie upande mmoja wakati unaosha mwingine. Weka na banda la peke yake la mbwa aliyeng'ata mtu, huyo anaangaliwa siku 10 kwa ajili ya kichaa cha mbwa. Chora na sehemu ya mizoga.

Mazingira: unaandaa maelezo ya mradi kupitia mtaalamu aliyesajiliwa na NEMC (baraza la mazingira la taifa), wao ndo wanapanga mradi wako uko kundi gani na kama unahitaji tathmini kamili. Ukitaka kuchimba kisima kibali ni cha bodi ya bonde la maji, kwa Dar ni Wami/Ruvu. Ukipanga chumba cha eksirei wasiliana na Tume ya Nguvu za Atomu (TAEC) kabla ya kununua mashine na kabla ya kujenga chumba, kwasababu kinga ya kuta inapangwa kutokana na mashine yenyewe.

Baada ya hapo ndo kibali cha ujenzi: fomu ya halmashauri, seti za michoro, nakala ya hati, stakabadhi za kodi, unapewa kontroo namba unalipia. Siku hizi maombi mengi ya halmashauri yanapita mfumo wa mtandaoni wa TAUSI, waulize ofisi ya ardhi kwenu wanapokeaje. Kila hatua ya ujenzi, msingi, lenta, kuezeka, ita mkaguzi wa halmashauri na uhifadhi alichosaini. Ukibadilisha kitu rudisha mchoro, usikae kimya.

Jengo likiisha unaomba kibali cha kulitumia, cheti cha zimamoto na usajili wa OSHA (wakala wa usalama na afya kazini). Kisha Baraza la Veterinari, lililoundwa na Sheria ya Veterinari ya 2003, ndo linasajili kituo, na lazima kiwe chini ya daktari aliyesajiliwa nalo, sio fundi mchanjo wa mtaani hata awe na roho nzuri vipi. Ukitaka kuuza dawa za mifugo dirishani hiyo ni TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba). Upande wa makazi ya wanyama soma Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 na umshirikishe afisa mifugo wa halmashauri tangu mwanzo, awe anapafahamu kwako.

Watu watakuletea pia kobe, bundi, tumbili waliofungwa kamba. Hao ni wanyamapori, chini ya sheria ya 2009 huwezi kuwaweka bila kibali, toa taarifa TAWA (mamlaka ya wanyamapori) au ofisi ya maliasili ya wilaya siku hiyo hiyo na uandike kwenye daftari nani kaleta, saa ngapi na mnyama ana hali gani. Daftari hilo la mapokezi liwepo kabla ya mnyama wa kwanza kuingia, na wafanyakazi wote wawe wameshachanjwa kichaa cha mbwa.