Kufuata njia ya vimeng'enya vya omega kwa punje 18 za maharage

Juzi nilimsaidia mpwa wangu, anayesoma kidato cha sita hapa Mbeya, kuchora namna mimea na wanyama wanavyotengeneza asidi za mafuta za omega, nikakuta amekwama palepale nilipokwama mimi miaka ile.

Hatua ya 1. Panga mezani punje 18 za maharage katika mstari mmoja, kila punje ikiwa kaboni. Kushoto ni upande wa kaboksili, yaani kichwa chenye asidi, kulia ni upande wa methili, yaani mkia. Sipendi michoro ya kompyuta kwa kazi hii, kwa kuwa punje husogezwa kwa kidole na kosa huonekana mara moja.

Hatua ya 2. Weka njiti ya kiberiti kati ya punje ya 9 na ya 10. Hicho ni kifungo maradufu kinachowekwa na delta-9 desaturesi (desaturesi ni kimeng'enya kinachoweka kifungo maradufu, na namba yake ni mahali kinapokiweka), na zao lake ni asidi ya oleiki, iliyojaa katika maparachichi ya Rungwe na Njombe.

Hatua ya 3. Hapa nilipoteza usiku mzima. Delta huhesabiwa kutoka kushoto, ilhali omega huhesabiwa kutoka kulia. Delta-12 desaturesi huongeza njiti baada ya punje ya 12, tukapata asidi ya linoleiki, ile ya mafuta ya alizeti; 18 ukitoa 12 unabaki na 6, basi hiyo ni omega-6. Delta-15 desaturesi huongeza nyingine baada ya punje ya 15, nayo asidi ya alfa-linoleniki ikawa omega-3. Vimeng'enya hivi viwili mimea inavyo, lakini binadamu na kuku hawana, ndiyo maana hulazimika kuzipata asidi hizo katika chakula. Mpwa wangu akauliza, "Mjomba, kwani delta-6 siyo inayotengeneza omega-6?" Hapana. Njiti ya delta-6 hukaa kushoto, baada ya punje ya 6, wakati omega husomwa kwa njiti iliyo kulia kabisa, ambayo mnyama haigusi.

Hatua ya 4. Mnyama huanza na delta-6 desaturesi, kisha elongesi, kimeng'enya cha kurefusha mnyororo, huongeza punje mbili upande wa kushoto, hivyo namba zote za delta hupanda kwa 2 na omega hubaki ileile. Halafu delta-5 desaturesi hufuata. Linoleiki huishia kuwa asidi ya arakidoniki, punje 20 na njiti 4. Alfa-linoleniki huwa EPA (asidi ya eikosapentaenoiki), punje 20 na njiti 5. Zote mbili hugombea delta-6 ileile, kwa hiyo alizeti ikizidi mno, omega-3 hupata nafasi finyu.

Hatua ya 5. Kufikia DHA (asidi ya dokosaheksaenoiki, omega-3 nyingine), refusha EPA hadi punje 24, rudisha delta-6 iongeze njiti ya sita, kisha ondoa punje mbili za kushoto, kazi inayofanyika ndani ya peroksisomu, kifuko kidogo kilichomo ndani ya seli. Kuku anayedonoa majani mabichi nyuma ya nyumba hupitia hatua hizi zote, na DHA yake huiweka kwenye kiini cha yai.