Kukarabati hifadhidata ya WMI iliyoharibika kwenye Windows

Ukifungua msinfo32 (dirisha la System Information) ukakuta kurasa tupu, au programu zikalalamika kwa kosa 0x80041002, 0x80041010 au 0x8004100E, shuku hifadhidata ya WMI (Windows Management Instrumentation). Humo Windows hutunza maelezo ya vifaa, huduma na programu za kompyuta. Iko C:\Windows\System32\wbem\Repository, na uhai wake uko kwenye mafaili OBJECTS.DATA na INDEX.BTR. Umeme ukikatika yakiwa yanaandikwa, au diski ikijaa, faharasa na data havilingani tena.

Usichanganye magonjwa. Kosa 0x80041003 ni la ruhusa. 0x800706BA huja mashine ya mbali isipofikika, mara nyingi kwa sababu ya faiawoli. Hayo hayatibiwi hapa.

Fungua Command Prompt kwa haki za msimamizi, andika:

winmgmt /verifyrepository

Jibu likiwa "consistent", usishangilie bado: amri hii hukagua muundo tu, haijui kama kuna kitu kimefutika ndani. Ingia PowerShell, jaribu Get-CimInstance Win32_OperatingSystem. Ikijibu vizuri na ni programu moja tu inayosumbua, hifadhidata iache. Kilichopotea mara nyingi ni usajili wa faili la MOF la programu hiyo, yaani faili linaloieleza WMI kuhusu programu. Lisajili upya kwa amri ya mofcomp. Kwa SQL Server, kwa mfano, ni sqlmgmproviderxpsp2up.mof, ndani ya folda yake ya Shared.

Jibu likiwa "inconsistent", anza na diski: chkdsk C: /scan, na uhakikishe kuna nafasi. Kisha simamisha huduma ya WMI kwa net stop winmgmt /y, unakili folda ya Repository pembeni. Huduma hii hupenda kujiwasha yenyewe pindi programu nyingine ikiihitaji, kwa hiyo nakili upesi. Halafu:

winmgmt /salvagerepository

Amri hii hujenga hifadhidata upya na kuokoa kinachosomeka kutoka ile ya zamani. Ikigoma kwa 0x8007041B, kuna huduma inayoitegemea ambayo bado inafanya kazi, mara nyingi IP Helper (iphlpsvc) au wakala wa kusimamia kompyuta za ofisi. Isimamishe, rudia amri.

winmgmt /resetrepository iwe ya mwisho kabisa. Hurudisha hali ya siku Windows ilipowekwa, na hurejesha tu MOF zenye alama ya #pragma autorecover. Programu zisizo na alama hiyo utazirekebisha au kuzisakinisha upya moja moja. Wengi huikimbilia kwanza, kisha wanashangaa antivairasi au mfumo wa ufuatiliaji umenyamaza.

Kuna pia ile amri ya mzunguko inayosajili kila faili la *.mof ndani ya wbem kwa mkupuo. Iepuke: baadhi ya mafaili hayo ni ya kuondolea, yenye neno uninstall kwenye jina, na ukiyaendesha unafuta ulichotaka kukirudisha.

Washa kompyuta upya, rudia verifyrepository. Uharibifu ukijirudia siku chache baadaye, hamisha data zako na ubadilishe diski.