Uwanjani Chukua, Kwenye Faili Uliza

Swali linalonifikia mara kwa mara kutoka kwa waandishi wa vyuo vya hapa Nairobi ni hili: "Madam, ofisi ya michezo imesema tukiandika kuhusu mchezaji wetu tutakuwa tumevunja sheria ya data. Tuache?" Usiache. Ila kabla ya kuandika, jua kila taarifa uliyo nayo imetoka wapi: uwanjani, mdomoni mwa mchezaji mwenyewe, au kwenye faili yake.

Ya uwanjani ni yako. Mechi ya raga pale Madaraka, Strathmore Leos wakiwakaribisha Mean Machine wa Chuo Kikuu cha Nairobi, inachezwa mbele ya watu. Aliyefunga trai, aliyelishwa kadi nyekundu, aliyetolewa kwa machela akiwa ameshika goti, wote waandike na majina yao uyaweke. Mambo yanageuka Jumatatu, pale mhudumu wa timu anapokunong'onezea kwamba kano ya goti imekatika na upasuaji ni wiki ijayo. Hapo umetoka uwanjani, uko ndani ya faili ya hospitali. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu hali ya afya kuwa data nyeti, pamoja na kabila, imani, hali ya ndoa na habari za familia.

Angalia tofauti ya sentensi mbili. Ya kwanza: "Vipimo vinaonyesha kano yake imekatika na huenda asicheze tena." Ya pili: "Alitolewa kipindi cha pili akisaidiwa kutembea, na jina lake halikuwa kwenye kikosi cha mechi iliyofuata." Ya pili inampa msomaji habari kamili na hukuhitaji kumwomba mtu ruhusa. Ya kwanza ni ya mchezaji kuitoa akitaka.

Basi mwendee. Wengi hukosea hapa kwa kumuuliza mbele ya kocha. Usifanye hivyo. Kocha ndiye anayempanga kikosini, na mara nyingi neno lake lina uzito kwenye ufadhili unaomlipia karo. Mchezaji akikubali huku kocha amesimama kando yake, hiyo "ndiyo" ni ya woga. Msubiri avue viatu, mkae pembeni, umwambie waziwazi: "Naandika habari itakayotoka Ijumaa gazetini na kwenye Instagram yetu. Nataka kugusia goti lako na upasuaji. Ni lipi uko sawa nalo, na lipi tuliache?" Jibu lake liandike mbele yake, kisha mtumie ujumbe wa WhatsApp wenye maneno hayo hayo ili awe nayo. Sheria inamruhusu kuiondoa idhini yake wakati wowote. Akikupigia Alhamisi usiku amebadili mawazo kuhusu upasuaji, ondoa mstari huo. Habari ya mechi itabaki imesimama.

Muulize umri pia, hasa akiwa wa mwaka wa kwanza. Asiyefika miaka 18 ni mtoto kisheria, na idhini hutoka kwa mzazi au mlezi. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja ya Uthiru faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Klabu ya habari ya chuo haina pesa za aina hiyo.

Sasa alama za mitihani. Skrinishoti ya orodha ya matokeo itaingia kwenye kundi lenu siku moja, na kwenye orodha hiyo nyota wa timu amefeli masomo matatu. Usidhani kulifuta jina kunatosha. Nambari ya usajili inamtambulisha vilevile, na hata "winga wa kushoto wa mwaka wa tatu" ni mtu mmoja tu. Jiulize habari iko wapi hasa. Kijana kufeli hesabu si habari. Ikiwa chuo kina kanuni kwamba aliyeahirisha masomo hachezi, na kimemchezesha kwa sababu fainali iko karibu, hapo ipo habari, na mhusika wake ni chuo. Unaweza kuiandika yote bila alama hata moja: chukua kanuni, chukua orodha ya kikosi, peleka maswali kwa msajili.

Itatokea kwamba habari haiwezi kusimama bila taarifa ya faragha, mfano wachezaji wanaodungwa sindano za maumivu ili warudi uwanjani. Kifungu cha 52 cha sheria hiyo kinawalinda wanahabari pale wanapoamini, kwa sababu za maana, kwamba uchapishaji una manufaa kwa umma na kwamba kuzifuata kanuni za kawaida za data kungeizuia kazi yao. Maneno "kwa sababu za maana" yana uzito. Kabla ya kuchapisha, mwandishi na mhariri waandike aya moja: umma utafaidika vipi, tulijaribu njia gani nyingine, kwa nini tumelitaja au hatujalitaja jina. Wekeni tarehe, mtie sahihi. Kuhusu dawa za kusisimua misuli, uvumi wa bwenini hauchapishwi kamwe. Subirini adhabu itangazwe na ADAK, shirika la Kenya la kupambana na dawa hizo michezoni, au kitengo cha maadili cha riadha duniani.

Miongozo mingi mtakayoikuta mtandaoni ni ya Marekani na inazungumzia FERPA, sheria yao ya 1974 ya faragha ya rekodi za wanafunzi. Isomeni, inafunza, lakini inabana taasisi za elimu zinazopokea pesa za serikali yao, haibani gazeti la wanafunzi. Huko hata urefu na uzito wa mchezaji vimo katika taarifa ambazo chuo kinaweza kuzitoa, ila mwanafunzi akikataa. Ukiinukuu FERPA kwa msajili wa Nairobi utakuwa umempa sababu ya kukupuuza.

Silaha yako ni Katiba, kifungu cha 35, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Hapa ndipo ningependa muweke nguvu, maana ofisi nyingi hutaja faragha ya mchezaji wakati kinachofichwa ni matumizi ya pesa. Ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili, na wewe raia hulazimiki kueleza unaitakia nini. Liwe hivi:

"Kwa Msajili. Chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari, 2016, naomba: jumla ya fedha zilizotengewa ufadhili wa wanaspoti mwaka huu wa masomo, idadi ya wanufaika kwa kila mchezo, wanaume na wanawake, na nakala ya vigezo vya uteuzi. Siombi majina wala rekodi ya mwanafunzi yeyote."

Sentensi ya mwisho usiiache nje. Inamfungia mlango wa faragha kabla hajaufikia. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo. Ana siku 21 za kujibu. Akinyamaza au akikataa, peleka malalamiko kwa Ombudsman, ofisi inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma.

Mwisho, vitunzeni mlivyonavyo. Picha ya ripoti ya daktari haikai kwenye kundi la WhatsApp la watu arobaini. Abaki nayo mhariri mmoja, kwenye simu yenye nywila, na ifutwe kazi ikiisha. Mchezaji akilalamika baada ya kuchapisha, mjibu siku hiyo hiyo, na kosa likiwepo lisahihisheni pale pale lilipotokea. Akienda kwa Kamishna wa Data, ofisi hiyo inatakiwa kumaliza uchunguzi ndani ya siku 90, na cha kwanza mtakachopeleka ni daftari lenye jibu lake, ule ujumbe wa WhatsApp, na ile aya mliyotia sahihi.