Kabla hujahamia Ujerumani: nyumba, bili na barua zitakazokukuta

Naandika hii kwa sababu kila mwaka napata meseji zile zile, dada habari, nimepata nafasi ya kusomea uuguzi Ujerumani, nijiandae vipi, na mimi nilikuwa najibu kwa sauti za WhatsApp za dakika kumi kumi mpaka nimechoka. Sasa soma hapa. Habari za baridi na chakula sizigusi, koti utanunua ukifika na unga wa sembe upo kwenye maduka ya Waafrika. Naongelea hela inayokutoka ukiwa umeshafika na umeshapiga picha kwenye treni, ile ambayo hakuna aliyekutajia.

Wanaokuja kusoma chuo mnajua ile akaunti ya kufungia hela ya kuombea viza, tangu Septemba 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka, inakufungulia euro 992 kila mwezi. Usije ukapiga hesabu kwamba 992 yote ni ya kula na kutuma nyumbani. Toa kodi ya chumba, toa bima ya afya ya mwanafunzi ambayo ni 140 na ushee, toa usafiri, toa simu, halafu ndiyo uahidi watu.

Cha kwanza ukifika ni kujiandikisha makazi, wenyewe wanaita Anmeldung, ndani ya wiki mbili tangu uhamie. Utahitaji karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba kwamba kweli unakaa kwake. Mwenye nyumba anayekwambia kaa tu ila usijiandikishe hapa, mkimbie, hata kama chumba ni bei ya kutupa, maana bila hiyo karatasi namba yako ya mlipakodi haiji, benki nyingi zinakuzungusha na kibali cha kuishi unakiombea wapi?

Jina lako liandike kwenye kengele na kwenye sanduku la barua siku hiyo hiyo, hata kwa kalamu na selotepu. Vyumba vingi vya huku havina namba, mtu wa posta anasoma jina tu, asipoliona anarudisha barua. Sisi tumekulia kwenye S.L.P. ya shule au ya kazini kwa baba, tunaona barua ni kitu cha kizamani. Huku kila kitu ni barua, kadi ya benki barua, PIN yake barua nyingine siku nyingine, bima barua, deni barua, na barua ikishaingia kwenye sanduku lako inahesabika umeipata, umeifungua hujaifungua hilo ni lako. Kama kijerumani bado hakijapanda, piga picha kwa simu itafsiri, lakini usiiweke juu ya friji eti utaisoma wikiendi.

Na zipo zinazofanana na matangazo kumbe siyo. Kuna ada ya redio na televisheni, Rundfunkbeitrag, euro 18.36 kwa mwezi, unalipa hata kama huna tivii wala redio na hujui hata stesheni moja. Rafiki yangu alitupa barua zake mwaka na zaidi akisema mimi tivii sina wananitaka nini, akaja kulipa za nyuma zote na faini juu. Jambo la kujua ni kwamba ile ni kwa nyumba, siyo kwa kichwa. Mkiwa wanne mnakaa nyumba moja analipa mmoja, mnachangiana, wengine mnajibu barua zenu kwa kutaja namba ya yule anayelipa. Jibuni lakini, msikae kimya.

Dipoziti ya nyumba isizidi kodi ya miezi mitatu bila gharama za juu, na sheria inakuruhusu kuilipa kwa mafungu matatu, kwa hiyo usikope kwa ajili ya kuilipa yote kwa siku moja, hakuna aliyekutaka ujinyonge. Piga picha kila kona siku ya kuingia, mkwaruzo wa sakafu, tundu la ukutani, vigae vya bafuni, vyote. Na uliza kama jiko lipo. Siyo utani, nyumba nyingi unakabidhiwa bila sinki, bila kabati, bomba tu limechomoza ukutani na nyaya za taa zinaning'inia.

Haya, sasa hili la joto. Hapa ndipo mwenzenu nililia.

Mimi ni mtu wa Tanga. Baridi niliyokuwa naijua ni ya Lushoto, tena ya kwenda msibani na kurudi. Nilihamia Dortmund Oktoba 2021, chumba kimoja na jiko ghorofa ya tatu, nyumba ya zamani ina dari refu utadhani kanisa. Kwenye mkataba kulikuwa na kodi mbili, Kaltmiete euro 340 na Warmmiete euro 460. Kalt baridi, warm joto, hicho kijerumani nilikuwa nacho. Mimi nikajitafsiria kwamba ukilipa ile ya joto basi joto lako limeshalipiwa, kama mtu aliyejiunga bando lisilo na kikomo, unatumia mpaka uchoke. Hakuna aliyenisahihisha kwa sababu sikumuuliza mtu, niliona jambo linajieleza.

Hita zao ni chuma cheupe kipana chini ya dirisha, pembeni ina koki ya kuzungusha yenye namba 1 mpaka 5 na alama ya nyota. Nikaweka 5. Kuanzia Novemba mpaka Machi haikutoka kwenye 5, usiku na mchana, niko zamu siko zamu, na baridi ya mwaka uliofuata ilipoingia nikairudisha pale pale. Nikitoka kazini navua masweta nabaki na kanga, najisikia niko Ngamiani kwetu Tanga. Na kwa kuwa chumba kilikuwa kinageuka tanuri nafungua dirisha, yale madirisha yao yanaweza kuegemea ndani kwa juu yakabaki na uwazi, basi langu lilikaa hivyo kutwa nzima, hita inaunguruma chini dirisha liko wazi juu. Bibi mmoja wa Kijerumani aliyekaa chini yangu kila tukikutana kwenye ngazi ananyoosha kidole juu, Fenster, Fenster, yaani dirisha, dirisha! Mimi namjibu ja ja na tabasamu, najua ni uzee.

Kwenye hiyo hita kuna kidude kimebandikwa, kina kioo kidogo chenye tarakimu. Nilidhani ni saa mbovu. Kumbe ndiyo mita yangu, imekaa pale inanihesabia.

Mwisho wa 2022 ikaja barua ya ile miezi mitatu ya 2021, napungukiwa euro 71. Nikalipa bila kuisoma, nikasema labda ni hela ya takataka. Kumbuka huo ndio mwaka Urusi imeivamia Ukraine na bei ya gesi huku imepaa, kila siku kwenye habari wanaimba gesi, gesi, na mimi nasikia kama habari za watu wengine, kwani mimi napikia umeme.

Novemba 2023 ikaja nyingine, ya mwaka mzima wa 2022. Kurasa sita za tarakimu. Nikatafuta mstari uliokolezwa wino pale mwishoni: Nachzahlung, yaani nyongeza unayodaiwa, euro 1,146.37, na siku ya mwisho ya kulipa. Mshahara wangu wa uanafunzi baada ya makato ulikuwa haufiki hapo. Nilikaa kwenye korido na viatu vyangu vya mvua miguuni, nikaisoma tena nikitafuta kama jina ni langu. Lilikuwa langu, na walivyo makini hata lile la kati ambalo huwa silitumii walikuwa wameliandika sawasawa.

Dada mmoja wa kazini, Mkenya aliyekaa huku miaka kumi na tano, ndiye aliyenielewesha. Ile euro 120 ya juu ya kodi siyo malipo ya joto, ni kishika uchumba. Mahari yenyewe inahesabiwa mwaka ukiisha. Wanajumlisha mafuta au gesi ya jengo zima, maji, takataka, kufagia theluji, wanagawanya, na kwenye joto kati ya nusu na asilimia 70 inagawiwa kwa jinsi kila mmoja alivyotumia, yaani kwa kile kidude. Ukitumia kidogo unarudishiwa, ukitumia kama mimi unaandikiwa barua. Na mwenye nyumba ana miezi 12 baada ya mwaka wa hesabu kuisha ya kukuletea hiyo bili, ndiyo maana inakufikia wakati ulishasahau kabisa ulilala vipi Januari hiyo. Ikija baada ya hapo kwa kawaida hana tena haki ya kukudai nyongeza, kwa hiyo angalia tarehe kabla ya kuangalia hela.

Akanipeleka kwenye chama cha wapangaji, vipo karibu kila mji, unalipa ada ya mwaka na wanakukagulia bili. Una haki ya kuomba kuona risiti zote. Kwenye yangu walikuta wameniingizia matengenezo ya mfereji wa paa, ambayo ni ya mwenye nyumba siyo yangu, ikatoka euro 84. Iliyobaki ilikuwa halali yangu, nimeichoma mwenyewe. Nikaomba kulipa kidogo kidogo kwa miezi kumi wakakubali, lakini hapo hapo wakapandisha kile kishika uchumba kutoka 120 mpaka 195 kwa mwezi, wanasema matumizi yako tumeshayaona. Kwa hiyo miezi kumi nalipa la nyuma na la mbele kwa pamoja. Mwaka huo Krismasi nyumbani walipata simu tu.

Basi shika hivi. Kwenye koki namba 3 ni kama nyuzi 20, inatosha na sweta. Namba 5 haipashi haraka zaidi, inapasha mpaka nyuzi 28 na haiachi. Ukitoka iache kwenye 2, ukisafiri hata nyota inatosha isigande. Hewa unabadilisha kwa kufungua dirisha lote dakika tano mpaka kumi, hita umefunga, halafu unafunga dirisha moja kwa moja, siyo kulilaza kutwa. Nguo mbichi usizianike chumbani umefunga kila kitu, utaota ukungu mweusi ukutani na mwenye nyumba atasema ni wewe. Siku ya kuingia piga picha namba za kila kidude. Kabla ya kusaini omba cheti cha nishati cha jengo, kile kinachoonyesha jengo linakula joto kiasi gani, wanapaswa kukuonyesha mnapokwenda kuangalia nyumba, na uliza mpangaji aliyetoka alikuwa analipa nyongeza kiasi gani. Na kila mwezi tenga euro 30 au 40 usiiguse.

Umeme mara nyingi ni mkataba wako mwenyewe, haumo kwenye Warmmiete. Usipochagua kampuni unaangukia ile ya msingi ya eneo lako, ambayo mara nyingi ndiyo ghali, ila unaweza kuhama kwa notisi ya wiki mbili.

Mkataba wa simu na wa jimu, soma miezi. Miezi 24 haijifuti yenyewe hata ukirudi Bongo mwezi wa sita. Ikishaisha, mikataba ya siku hizi ya simu unaivunja kwa notisi ya mwezi mmoja, na kama ulijiunga mtandaoni tafuta kitufe cha kuvunja mkataba, sheria inawalazimu kukiweka. Ukifika anza na laini ya kulipia kabla kama ya kwetu, hakuna atakayekufa.

Tiketi ya treni na basi ya nchi nzima ilianza euro 49 Mei 2023, Januari 2025 ikawa 58, 2026 imeanza na 63. Ni ya kukatwa kila mwezi kwenye akaunti, ukitaka kuacha acha kabla ya tarehe 10. Bila tiketi faini ni euro 60, na mkaguzi mara nyingi hana sare, anaweza kuwa kijana wa jinzi aliyekaa pembeni yako.

Bima ya kulipia hasara unayomsababishia mwingine, chukua, ni euro tano sita kwa mwezi. Hakikisha inagusa funguo, maana ufunguo wa jengo ukipotea wanaweza kubadilisha vitasa vya jengo zima.

Ukiumwa usiku lakini siyo kufa na kupona piga 116117, ya dharura ni 112. Chupa za plastiki usitupe, nyingi zina senti 25 zako ndani. Jumapili maduka yamefungwa, nunua Jumamosi. Usisaini kitu mlangoni kwa mtu wa umeme au wa intaneti hata akiwa mpole. Usimkopeshe mtu akaunti yako ya benki. Barua zote weka kwenye faili, hata zile ulizokwisha kuzilipa, hasa hizo. Na ukitoka kutupa takataka beba ufunguo, milango ya huku ikijifunga nje haina mkono wa kufungulia, na fundi vitasa wa usiku anakutajia bei akikuangalia ulivyosimama kwenye theluji na ndala.