Uchumi wa kisiasa wa dunia: anza na tukio, nadharia baadaye

Wengi wakianza hili somo la jinsi siasa na hela zinavyosukumana kati ya nchi wanakimbilia nadharia, uliberali unasema hivi, Umaksi unasema vile, wanakariri weee, halafu wakisikia Marekani imepandisha riba hawajui waanzie wapi. Ushauri wangu chagua tukio moja tu, uifuate hela yake inakotoka mpaka inakoishia.

Chukua mgogoro wa madeni wa 1982, kwangu hakuna darasa zuri zaidi. Rudi nyuma mpaka 1973, nchi za Kiarabu zinawanyima mafuta waliokuwa upande wa Israel, ndani ya miezi michache bei inapanda karibu mara nne. Wauzaji wanapata dola nyingi kuliko wanavyoweza kutumia, wanaziweka kwenye mabenki makubwa ya New York na London, na benki haiwezi kukaa na hela imelala, kwahiyo zikakopeshwa serikali za Amerika ya Kusini na kwingineko kwa riba inayopanda na kushuka na soko. Hapo tulia usome mara mbili. Kuanzia 1979 Paul Volcker wa benki kuu ya Marekani anabana pesa ili aue mfumuko wa bei wa kwao, riba inafika karibu asilimia 20, na madeni ya nchi za mbali kabisa yanavimba hata kama hazijakopa senti mpya. Agosti 1982 Meksiko inasema haiwezi kulipa. IMF, yaani Shirika la Fedha la Kimataifa, inakuja na mkopo wenye masharti, ruzuku zinakatwa, na anayeumia ni mfanyakazi ambaye hakusaini popote.

Sasa shika daftari ujiulize: nani aliamua, nani alifaidi, nani alilipa, na mbona aliyelipa hakuweza kukataa? Hilo la mwisho usiliruke kabisa, maana jibu lake limejificha kwenye kanuni. Mfano pale IMF maamuzi mazito yanataka asilimia 85 ya kura, na Marekani peke yake ina zaidi ya 16, yaani ikigoma maamuzi hayo hayapiti. Barua ambazo serikali zinaiandikia IMF kuahidi watafanya nini zipo kwenye tovuti yao, zisome mwenyewe, usisubiri kusimuliwa.

Halafu jamani wananchi msiwaandike kama wahanga tu! Februari 1989 nauli na petroli zilipopanda Venezuela, mji mkuu Caracas ulilipuka kwa ghasia, watu wengi wakauawa, na siasa za ile nchi hazikurudi zilivyokuwa. Mtaani nako kunarudisha majibu.

Ukishafika hapo ndo ufungue nadharia, na kila moja iulize inashindwa kueleza nini kwenye tukio lako.

Baada ya hapo chukua Thailand, 2 Julai 1997, siku walipoiachia baht, hela yao, ishuke. Maswali ni yaleyale ila safari hii anzia kwa waliolipa, urudi nyuma mpaka kwa walioamua.