Wikiendi ya Majengo ya Kale Iringa na Mbeya: Mwongozo kwa Mnaorudi Likizo

Ukiishi Uingereza, Ujerumani au Ufaransa, Septemba unaijua. Waingereza wana siku zao za urithi tangu 1994, Wajerumani hufungua majengo yao ya kale Jumapili ya pili ya mwezi huo, na Wafaransa walitangulia wote hao, mwaka 1984. Milango inayofungwa mwaka mzima inaachwa wazi, kiingilio bure, na mtu wa kujitolea anasimama barazani kukueleza nani alijenga na nani aliishi humo. Wengi wenu mmeshawapeleka watoto. Kisha mnakuja likizo Iringa au Mbeya na watoto hao hao, na wiki tatu zinaishia kwenye harusi, misiba na kufuatilia kiwanja. Mtoto anarudi anaijua ngome ya mfalme wa watu wengine, ya Kalenga haijui.

Inaniuma, ndiyo maana naandika. Wikiendi moja ikipangwa vizuri inatosha kuanza, na haina gharama kubwa. Ila tofauti moja muielewe mapema: huku nyumba nyingi za kale bado zinafanya kazi. Ni ofisi za halmashauri, nyumba za mapadre, madarasa, zahanati. Hazifunguliwi kwa kalenda, zinafunguliwa kwa kubisha hodi. Kwa hiyo muda ambao huko mngeutumia kukata tiketi mtandaoni, huku utumieni kutafuta watu: mjomba anayemfahamu paroko, shangazi aliyesoma shule ya misheni, mzee wa kanisa mwenye funguo. Piga simu wiki moja kabla, na piga tena siku moja kabla.

Anzieni Boma

Mkiwa Iringa mjini, Boma ndilo rahisi kuliko yote kwa sababu liko wazi kwa umma. Wajerumani walilijenga mwaka 1914 likusudiwe kuwa hospitali ya jeshi. Vita vikaingia, Waingereza wakaukamata mji mwaka 1916, na jengo likawa la utawala kwa miaka mingi. Tangu 2016 ni makumbusho ya mkoa, kazi iliyofanywa kupitia mradi wa Fahari Yetu wa Chuo Kikuu cha Iringa. Ndani mtakuta vitu vya makabila ya huku, Wahehe, Wabena, Wakinga na wengine, na kuna watu wa kuwaeleza. Nendeni asubuhi, watoto wakiwa bado wana nguvu.

Kabla hamjaingia, lizungukeni kwanza kwa nje. Sote tunasema "jengo la Mjerumani", lakini Mjerumani hakubeba tofali. Kodi ya kibanda ilianza 1898, na asiyekuwa na fedha alilazimika kuitafuta kwa jasho lake. Udongo ulikandwa na babu zetu, tanuri likakokwa na babu zetu, mbao zikateremshwa msituni mabegani mwa babu zetu. Kwenye majengo ya zamani ya misheni, tofali za kuchoma mara nyingine zina alama za vidole vya aliyezitoa kwenye kalibu zikiwa mbichi. Mtafutie mtoto tofali la namna hiyo, aweke vidole vyake humo. Maelezo ya msanifu yanaweza kusubiri.

Jioni pandeni jiwe la Gangilonga, lililo juu ya mji, mahali ambapo inasimuliwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alikuwa akikaa kutafakari. Mchukueni kijana wa mtaani awaongoze, na simu zikae mfukoni mpaka mfike juu. Kutoka pale mji wote uko chini yenu.

Kalenga

Hapa ndipo ningependa mtumie muda mwingi. Kalenga iko kilomita kama 15 kutoka mjini, kwenye barabara ya kwenda Hifadhi ya Ruaha. Daladala zipo, lakini kama mna wazee na watoto, kodini Noah ya nusu siku na mkubaliane bei kabla ya kuondoka.

Pale ndipo ilipokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa. Tarehe 17 Agosti 1891, jeshi lake lilivizia kikosi cha Wajerumani pale Lugalo na kumuua kamanda wao, Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo. Wajerumani walirudi na mizinga, na tarehe 30 Oktoba 1894 ngome ikaanguka. Mkwawa alipigana porini karibu miaka minne zaidi, na Julai 1898, akiwa amezingirwa kule Mlambalasi, alijipiga risasi kuliko kukamatwa. Kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani.

Kinachofuata ndicho vijana wenu waliokulia Ulaya wanapaswa kukisikia wakiwa wamesimama palepale. Mkataba wa Versailles wa 1919, uliomaliza Vita vya Kwanza vya Dunia, una kifungu cha 246 kinachoitaka Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa ndani ya miezi sita. Halikurudi. Ilipita zaidi ya miaka 30 mpaka Gavana Twining wa Tanganyika alipokwenda kulitafuta kwenye makumbusho ya Bremen, na likakabidhiwa Kalenga mwaka 1954 mbele ya mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge letu. Wapo wanahistoria waliouliza kama kweli lile ni fuvu lenyewe, maana lilichaguliwa kwa vipimo kutoka kwenye mkusanyiko mkubwa. Mwongozaji wa makumbusho mwulizeni swali hilo kwa heshima, msikie anavyolijibu mtu wa pale. Mkiwa mnaishi Bremen au karibu, nendeni kwanza Übersee-Museum, kisha mje Kalenga. Mtoto atauona ule umbali kwa macho yake.

Fuvu liko ndani ya kioo, kwenye chumba kidogo, na ukiingia mko nalo karibu sana. Waandaeni watoto wadogo tangu kwenye gari. Waambieni ni mtu, ni babu wa watu ambao wanaweza kuwemo humo chumbani wakati huo huo. Kofia zivuliwe, sauti zishuke, na kabla ya kutoa simu kupiga picha, ombeni. Kumwona mtu anajipiga selfi na fuvu la babu wa wenzake kunaniudhi kuliko ninavyoweza kueleza. Nje kuna makaburi ya ukoo, nayo yana adabu zake.

Kurudi mjini mnaweza kupitia Tosamaganga, misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa na Wabenediktini mwishoni mwa miaka ya 1890 na baadaye kushikwa na wamisionari wa Consolata. Kanisa kubwa, nyumba za kale, miti mirefu, na bustani zinazotunzwa kwa namna ya zamani. Hapa ndipo hodi inapohitajika. Nendeni Jumamosi, maana Jumapili asubuhi ni Misa na si saa ya kutembeza watu. Kwanza nyumba ya mapadre au ya masista. "Tumsifu Yesu Kristo" inafungua mlango kuliko barua pepe yoyote, na mzee yeyote mtakayempita njiani mpeni "kamwene" yake. Jitambulisheni kwa ukoo: mtoto wa nani, wa kijiji gani. Ukianza na "tumetoka London", utahudumiwa kama mtalii. Ukianza na jina la babu, huenda sista akakumbuka alisoma na mama yako.

Isimila ni rahisi zaidi, iko kilomita kama 20 kutoka mjini, kando ya barabara kuu ya Mbeya. Si jengo, lakini zile nguzo za udongo zilizochongwa na mvua na mmomonyoko zina urefu wa ghorofa, na chini kuna zana za mawe za watu wa kale sana. Vaeni viatu vya kufunga, bebeni maji. Na msiokote hata jiwe moja la kumbukumbu: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu hivyo.

Upande wa Mbeya

Jiji la Mbeya lenyewe ni changa. Lilianza miaka ya 1920, wakati wa dhahabu ya Lupa, kwa hiyo ukale wa mkoa utafuteni Rungwe. Tukuyu, mji ambao Wajerumani waliuita Neu Langenburg, ina boma lao la zamani, na halmashauri imelitumia kwa ofisi zake. Hiyo maana yake ni kwamba linaonekana siku za kazi, kwa ruhusa ya ofisi. Fikeni Ijumaa kabla ya saa nane mchana. Usiku lalieni Tukuyu, na koti la mvua libebeni hata kama kalenda inasema ni kiangazi.

Jumamosi nendeni Misheni ya Rungwe, chini ya mlima, ambako Wamoraviani walianza kazi mwaka 1891. Nyaraka nyingi za wamisionari hao ziko Herrnhut, mashariki mwa Ujerumani, kwenye hifadhi ya nyaraka ya kanisa lao. Kama babu yako alibatizwa Rungwe na wewe unaishi Dresden, jina lake linaweza kuwa karibu na wewe kuliko unavyodhani. Salamu hapa ni "Bwana Yesu asifiwe", na kwa wazee "ugonile" inapokelewa kwa tabasamu.

Bustani kubwa kuliko zote hakuipanda mtu. Kitulo, ambayo wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu, ni hifadhi ya taifa tangu 2005, ikiwa na kilomita za mraba zipatazo 413, kwenye mwinuko wa kama mita 2,600. Aina za mimea zinazohesabiwa pale ni zaidi ya 350, na okidi peke yake ni kama 45. Moja ya sababu za kuilinda ilikuwa biashara ya viazi vya okidi vilivyokuwa vikichimbwa na kuvushwa Zambia kwa chakula. Njia ya kutokea Chimala kwenda Matamba ndiyo ile ya kona zinazoitwa Hamsini na Saba, na anayeogopa urefu akae upande wa mlimani. Mnaweza pia kuchepukia Isyonje kwenye barabara ya Tukuyu.

Sasa suala la tarehe. Maua ya Kitulo ni ya masika, Desemba hadi Aprili. Majengo na barabara za vumbi vinataka kiangazi, Juni hadi Oktoba. Mkija Krismasi, ipeni Kitulo kipaumbele, mchukue gari la magurudumu manne na dereva wa huko huko. Mkija Agosti, msipande Kitulo kutafuta maua, mtakuta nyasi na baridi kali. Bakini kwenye maboma na misheni, mpate muda wa kutosha na wazee.

Mali za Mjerumani, malipo na kamera

Kuna jambo ambalo aliyekaa nje muda mrefu anaweza kulisahau. Vijijini kwetu imani kwamba Wajerumani walizika mali bado ni hai. Watu wamechimba makaburi ya kale na misingi ya nyumba wakitafuta. Sasa wewe unatokea na gari la kukodi, unaulizia nyumba ya Mjerumani, unapiga picha ukuta, unapima kwa hatua. Kijiji kizima kitajua umekuja na ramani. Ili kuepuka hilo, fikeni kwanza kwa mtendaji wa kijiji au mwenyekiti, semeni mnachotaka, sainini kitabu cha wageni, na ombeni mtu wa kijiji afuatane nanyi. Jioni akiwafuata kijana na rupia ya zamani anayotaka kuuza, mkataeni kwa upole. Nyingi ni bandia, na ile ya kweli pengine imetoka kaburini.

Kwenye malipo, raia, mkazi na mgeni hawalipi sawa. Mwenye pasipoti ya nje atahesabiwa mgeni hata kama amezaliwa Kihesa, pale pale Iringa mjini, na kitambulisho cha NIDA cha ndugu yake hakimsaidii. Pangeni bajeti hivyo tangu huko, msije mkagombana na mhudumu wa getini ambaye hakuitunga kanuni. Hifadhi za taifa hazipokei fedha taslimu: mnalipa kwa kadi au kwa namba ya kumbukumbu ya malipo kupitia simu, kwa hiyo hakikisheni mmoja wenu ana laini yenye salio.

Msipige picha kituo cha polisi, kambi au daraja, na boma lenye ofisi ombeni ruhusa kwanza. Ndege nyuki (droni) iacheni nyumbani, vibali vyake havipatikani kwa siku mbili. Misheni hazina kiingilio, basi toeni sadaka kwa paroko au mzee wa kanisa, mkononi na kwa shukrani, na mwenye funguo mpeni nauli yake kando.

Picha mlizopiga zirudisheni. Safisheni chache studio mjini kabla hamjaondoka, mpelekeeni sista na yule mzee wa funguo, kwa sababu mara nyingi hakuna hata mmoja wao mwenye picha yake akiwa mbele ya jengo analolitunza. Na kama kwa bibi kuna albamu ya zamani yenye boma, kanisa au shule, pigeni nakala, andikeni majina na mwaka bibi akiwa amekaa hapo anawatajia, kisha waulizeni pale Boma la Iringa kama wangependa kubaki na nakala moja.