SOMO: Kushuti komedi ya mtu mpweke kwa hela ya mfukoni

Nimechoka kujibu hili kwenye meseji. Someni hapa.

1. Hadithi iwe ya chumba kimoja, watu wawili watatu. Mpweke hahitaji umati, ndiyo nafuu yetu. Napoleon Dynamite (2004) imepigwa Preston, Idaho, mji aliosoma mwongozaji wake, kwa kama dola 400,000. Hollywood hizo ni nauli. Wewe azima chumba cha shemeji.

2. Simu kwenye stendi. Fremu (picha) 25 kwa sekunde, shata (muda kila picha inapokea mwanga) 1/50 ya sekunde, la sivyo taa zitapepesa kwenye video.

3. KIMYA. Hapa niliharibu. Kijana wa filamu yangu kaalika watu wanane siku yake ya kuzaliwa, kaja mmoja tu: fundi feni, tena kafuata kazi. Wanakula pilau bila kusemezana. Kwenye kuhariri nikafuta sauti yote katikati ya maneno, nikidhani kimya ni sifuri. Siku ya kuonyesha hakucheka mtu. Mzee mmoja akainuka kushikashika waya wa spika. Komedi ya aibu inakaa kwenye kimya, na kimya hurekodiwa. Kila mkimaliza onyesho, tulieni hapo hapo, rekodi sauti ya chumba sekunde 60, kisha uzitandaze chini ya mazungumzo. Zima friji na feni kwanza. Usichukue kimya cha alfajiri ukaweka kwenye onyesho la usiku, jogoo atakuumbua.

4. Mwigizaji asijichekeshe.

5. Hariri kwa programu yoyote ya bure.

MASWALI

– Mkuu, programu gani?
– Namba 5.

– Hicho kimya si nakipakua tu mtandaoni?
– Cha chumba cha nani? Pakua, halafu usinitafute.

– Samahani mwalimu, unajuaje kimya kimetosha?
– Swali zuri, dada. Naacha mpaka nione aibu mimi mwenyewe, halafu naongeza kidogo. Kwenye pilau kijiko kinagonga sahani mara tatu. Ya kwanza watu wametulia, ya pili wanaguna, ya tatu fundi anauliza, "Hao wengine wako foleni?" Ningekata kwenye ya pili, ningeua yote. Ukijaribisha, mwangalie anayetazama, siyo skrini.

– Mimi nilizima friji nikasahau. Samaki wa mama wote wakaoza.
– Tumbukiza funguo za pikipiki humo kwenye friji. Huondoki bila kuiwasha.

– Samaki gani?
– Vibua. Kilo mbili.